Kubandua stika ya yadi bila kuchuna rangi

Gari nililipia mwenyewe, sikuajiriwa kutangaza yadi ya mtu ya kuuza magari. Lakini buti lilikuwa na herufi nyekundu na namba ya simu juu.

Usiikwangue kwa kisu. Hapa Kisumu liache gari juani saa saba mchana, dakika 20 hivi, gundi ilegee; kukiwa na mawingu, weka kitambaa kilicholowa maji moto. Kisha chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Wangu nilipewa na mvuvi wa Dunga, akacheka sana. Uzungushe vidoleni, upitishe nyuma ya stika ukiuvuta huku na huku kama msumeno, karibu kabisa na bodi. Herufi zitadondoka moja moja. Gundi inayobaki ipake mafuta ya kupikia, ngoja kidogo, sugua taratibu, osha kwa sabuni. Msasa hapana!

Fremu ya namba yenye jina la yadi ni kazi ndogo: fungua skrubu, itoe, rudisha namba, nyeupe mbele, ya njano nyuma. Skrubu ikiwa na kutu, tone la oili na subira.

Kivuli cha herufi huenda kikabaki pale ambapo jua halikufika. Changu bado chasomeka ukiinama.