Somo: Kutoa rangi kuukuu kwenye vyuma vya bunduki ya zamani na kuvitia weusi wa kutu

Kwanza toa magazini (kasha la risasi), fungua bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu), tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe hamna kitu. Risasi zikae chumba kingine kabisa. Kama sheria ya unakoishi inataka kibali au fundi mwenye leseni kwa kazi hii, anzia huko.

Halafu jiulize kama rangi hiyo inastahili kutolewa. Bunduki nyingi za kijeshi za Uingereza aina ya Lee-Enfield No. 4 zilipakwa rangi nyeusi ya kuokwa zilipofanyiwa matengenezo makubwa ya kijeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukiona herufi FTR zimegongwa kwenye chuma, ujue bunduki ilipitia matengenezo hayo, na huenda rangi hiyo ni ya jeshi lenyewe. Hiyo mimi siigusi. Ninayoitoa ni ile iliyopakwa baadaye kwa brashi, iliyojaa michirizi na kuziba mpaka vichwa vya skrubu.

Tenganisha mbao na chuma. Piga picha kila unapofungua kitu, na tumia bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu. Springi, triga na sehemu za ndani zinazosuguana ziweke kando. Hazihusiki na kazi hii.

Kutoa rangi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizipige msasa mkavu. Tumia dawa ya kutoa rangi iliyo nzito kama uji. Soma lebo: zenye dikloromethani zimeua watu waliozitumia vyumbani bila hewa, na Marekani ilizuia kuuziwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Chagua isiyo nayo, vaa glavu na miwani, fanya kazi nje. Paka, funika kwa plastiki isikauke, acha nusu saa. Rangi itajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Isukume kwa kijiti au brashi laini ya shaba, wala usishike bisibisi wala tupa. Sehemu iliyogoma, ipake tena.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtutu wa kwanza niliousafisha ulikuwa na kipande cha rangi kilichong'ang'ania karibu na chemba. Nikachoka kusubiri, nikachukua msasa. Rangi ilipotoka, alama ya ukaguzi iliyokuwa chini yake ilikuwa imebaki kivuli tu, taji nusu na herufi moja. Bado inaniuma. Mihuri na namba za bunduki usizisugue kwa namna yoyote. Nchi nyingi kufuta namba ni kosa la jinai.

Kuondoa mafuta. Futa kila kipande kwa asetoni, mbali na moto, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kuanzia hapo usishike chuma kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole itabaki kama doa. Pamba ya chuma nayo ioshe kwa asetoni, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta.

Kutia weusi. Weusi huu hutokana na kutu tunayoileta makusudi, kisha tunaigeuza nyeusi kwa kuichemsha. Ndani ya mtutu pitisha vanishi nyembamba ikauke, kutu isiingie. Dawa ya kutia kutu huuzwa tayari. Loweka kitambaa, kikamue mpaka kikaribie kukauka, pitisha mara moja bila kurudia. Weka vipande kwenye kisanduku chenye unyevunyevu kwa muda wa saa 3 hadi 12, mpaka vivae vumbi jekundu lililolingana.

Kisha vichemshe dakika 15 hadi 20 kwenye maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala chokaa. Tazama vizuri: wekundu unageuka weusi mbele ya macho yako. Kutu nyekundu imekuwa magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma iliyoshikamana. Vikikauka, sugua taratibu kwa pamba ya chuma namba 0000, unga wa juu uondoke. Mara ya kwanza utapata kijivu chenye mabaka, usikate tamaa. Rudia mara 4 hadi 8. Mwishoni toa vanishi ndani ya mtutu, paka mafuta kila mahali, acha usiku kucha.

Maswali ya wanachama

*Fundi, si ni rahisi kuchoma rangi kwa moto?*
Hapana, ndugu yangu. Moto huharibu ugumu wa chuma, na mvuke wa rangi yenye madini ya risasi ni sumu. Pia vilenga shabaha na mitutu pacha huweza kuwa vimeungwa kwa lehemu laini, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Maji yanayochemka hayafiki huko.

*Mkuu, ile dawa ya weusi ya kupaka baridi haitoshi?*
Kwa kichwa cha skrubu au mkwaruzo, inatosha. Kwa mtutu mzima itafutika mapema pale mkono unaposhika.

*Nina M1 Garand, bunduki ya kijeshi ya Marekani. Niitie weusi huu?*
Usifanye hivyo. Zile zilipewa tabaka la fosfeti, kijivu kisichong'aa ambacho baadhi huelekea ukijani. Ukiitia weusi wa kutu utakuwa umeibadilisha sura, si kuirudishia.

*Shikamoo mzee. Chini ya rangi nimekuta vishimo vya kutu kwenye mtutu wa babu. Nisugue mpaka viishe?*
Marahaba mwanangu. Ukisugua mpaka viishe utakuwa umepunguza unene wa mtutu na kula mihuri. Vile vidogo vya nje viache, weusi utavipunguzia ukali. Vilivyo karibu na chemba, au vilivyojificha chini ya mbao, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni avipime kina. Kabla hajakupa jibu, bunduki hiyo isipigwe hata risasi moja.