Mpake weusi kwanza
Ukichora mhusika wa gemu, kabla hujagusa rangi mpake weusi mwili mzima, kisha mpunguze mpaka abaki na urefu wa pikseli 64. Bado unamtambua? Kama hapana, achana na kope na vifungo vya shati, kwenye simu havionekani hata hivyo. Rekebisha umbo.

Hili nimelielewa kwa wachonga vinyago huku kwetu Mtwara. Kinyago cha shetani cha mpingo ni cheusi tii, hakina rangi ya kukibeba, lakini hata ukiwa ng'ambo ya barabara unaona: hili sikio, hili tumbo, huu mkono umezungukia mgongoni. Mchongaji kakuza kitu kimoja au viwili, vingine kavibana.

Mimi mhusika wangu mmoja, muuza korosho, nilimrundikia kofia, mkoba, ndevu, kandambili. Kumpaka weusi, akawa gunia! Nikamwachia ungo mpana kichwani na miguu ya njiti, basi. Mdogo wangu akamtambua akiwa mlangoni.

Halafu ule uwazi kati ya mkono na kiuno usiuzibe. Ndio unaoonyesha kama anakimbia au kasimama.