Mtoto akipata degedege ya homa, fanya hivi

Jamani najua inatisha, macho yanageuka juu, mikono inakakamaa na kutikisika, we unaona kama mtoto ndo anaondoka, lakini degedege ya homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na mara nyingi inaisha yenyewe kabla ya dakika 5. Mlaze chini kwa ubavu, mlegeze nguo shingoni, angalia saa. Kijiko mdomoni hapana, sijui nani alituambia eti atameza ulimi, hamezi! Wala usimkandamize. Ikipita dakika 5 au ikirudi tena, mbio hospitali. Hata ikiisha mpeleke wamcheki homa imetoka wapi, isije ikawa homa ya uti wa mgongo.