Kabla ya kununua shamba, linganisha kalinzi (njia ya kimila ya kupata udongo) na sheria ya Leta (serikali)

Ukiwa Bukavu na unataka shamba kule Kabare ao Walungu, usikimbilie karatasi, uliza kwanza huyu anauzisha alilipata namna gani. Kama ni kalinzi, basi kuko ng'ombe ao mbuzi ilitolewa kwa mwami (mfalme wa kimila) ao kwa shefu, mbele ya bashahidi, na banamila banaona huo udongo bado uko chini ya mwami, haiko kama soko.

Sasa weka pembeni yake sheria ya udongo ya 1973: yenyewe inasema udongo wote ni wa Leta, karatasi ya nguvu ni sertifika ya anrejistrema. Artikle 389 iliahidi ordonansi (amri) ya prezida juu ya mashamba ya kimila, tukangoja miaka na miaka, minaona matata mingi inatokea pale.

Uliza pia badada ya muuzaji! Mila inabapita kwa mirathi, lakini Kode ya Familia ya 1987 inabaweka sawa na bakaka.