Fangasi au vidonda? Mwongozo kwa mwenye ugonjwa wa utumbo

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Nina kolaitisi (uvimbe wa utumbo mpana), na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo, nimeimeza ya kutosha. Mdomo ukianza kuwaka moto, mtaani utaambiwa, "Hizo fangasi tu, kanunue dawa." Usikimbilie duka la dawa kabla hujajitazama.

Nawa mikono, shika kioo, washa tochi ya simu (mimi natumia taa ya cherehani, haitikisiki). Angalia mashavu kwa ndani, chini ya ulimi na kwenye kaakaa. Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, viringisha gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) safi yenye unyevu kidoleni, ufute taratibu. Utando ukitoka na kuacha nyama nyekundu, pengine na damu kidogo, mshukiwa wa kwanza ni fangasi aina ya kandida.

Vidonda vyetu wagonjwa wa utumbo havifutiki. Ni vya duara, katikati njano au kijivu, pembeni vyekundu, na hupenda kutoka tumbo linapochafuka au mwili ukipungukiwa madini ya chuma, foliki asidi au vitamini B12. Mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe mwingine wa utumbo, ndugu wa kolaitisi) anaweza hata kupata mpasuko mrefu shavuni au kuvimba midomo. Dawa ya fangasi haitibu vidonda hivyo. Hapo ni kutuliza utumbo na kupima damu. Na vyote viwili vinaweza kukupata kwa pamoja, kwa hiyo daktari naye aone.

Kandida huishi midomoni mwa watu wengi bila shida. Prednisoloni na azathioprini (dawa nyingine ya ugonjwa wetu) hupunguza kinga, antibiotiki huua bakteria wanaomzuia, naye anatawala. Hata hivyo usiache prednisoloni ghafla! Mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka.

Ukiandikiwa nistatini ya maji, dawa ya fangasi ya mdomoni, tikisa chupa na utumie baada ya kula. Izungushe mdomoni, uishikilie kadiri unavyoweza ndipo umeze, kisha usile wala kunywa kwa nusu saa. Kwa kawaida ni mara 4 kwa siku, na unaendelea siku 2 baada ya utando kuisha. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini usiitumie kwa wakati mmoja nayo, inaiharibia kazi. Flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, ni ya kuandikiwa: kile kidonge kimoja cha fangasi za ukeni hakitoshi, maana mdomo hutibiwa siku 7 hadi 14. Kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au una mimba, sema mapema. Meno ya bandia yavue usiku, uyasafishe. Na GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka, usijipake kwanza. Itatia zambarau kila mahali, daktari asione kitu.

Maumivu yakizidi, sukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kula mtori au uji uliopoa. Urojo na embe bichi la pilipili vikusubiri.

Utando mweupe kwa mtu mzima, watu wataanza kunong'ona kuwa ni ngoma. Kapime VVU, jibu likae kwenye faili, wao waendelee kunong'ona.

Ukimeza kwa maumivu, chakula kikikwama kifuani, ukipata homa au ukishindwa kunywa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kilichopita wiki 3 bila kupona nacho kaonyeshe. Beba maboksi ya dawa zako zote, hata za kienyeji.