Kunasa mahadhi ya wimbo kwa sikio, kuanzia taarab ya santuri hadi bongo flava

Binti mmoja wa kwaya alinijia na kinanda chake na rekodi kwenye simu. "Mwalimu, bibi anataka wimbo huu upigwe kwenye harusi ya kaka. Siku tatu niko nao, haushikiki." Ulikuwa wimbo wa taarab, umetoka kwenye santuri ukaingia kwenye kaseti, kisha simuni. Nilipomwomba anionyeshe alipokwama, nikapajua. Zamani nilikwama hapohapo kwa wiki nzima. Naandika njia tuliyopita naye, kwa yeyote mwenye kinanda, gita au udi anayetaka kunasa wimbo bila nota za kwenye karatasi.

Hatua ya 1: Vumisha kwanza

Sikiliza mpaka uweze kuuvumisha wimbo wote bila maneno, kinanda kikiwa kimezimwa. Usianze na programu za kutafuta kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Zinakupa kodi, hazikupi mahadhi, na kwenye taarab ya zamani zitakutajia kodi ambazo hakuna mtu aliyezipiga.

Hatua ya 2: Jua mahadhi yamekaa wapi

Wengi hudhani mahadhi ni kile anachoimba mwimbaji, basi. Inategemea muziki wenyewe. Katika nyimbo za Kigregori za makanisa ya Ulaya ya kale, mstari wa sauti ndio muziki wote, chini yake hakuna kodi. Ukifika kwa Bach, mtunzi wa Kijerumani, kila sauti ina mahadhi yake, hata besi, kwa hiyo ukinasa sauti ya juu peke yake umechukua robo ya kazi. Beethoven, katika simfoni yake ya tano ya mwaka 1808, alichukua nota nne tu, tatu fupi na moja ndefu, akazijengea sehemu nzima ya kwanza. Hapo unachotafuta ni kipande kidogo kinachorudi kwa sura nyingi, usisubiri wimbo mrefu.

Kwetu nako kuna tofauti. Kwenye taarab asilia, fidla, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na nai (filimbi) hupita njia ileile anayopita mwimbaji, kila ala ikiipamba kivyake. Kwenye dansi, mwimbaji ana mahadhi yake na gita la solo lina yake. Yanajibizana, na wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, gita ndilo linaloongoza. Nasa yote mawili. Kwenye bongo flava tafuta kiitikio na kile kipande kinachojirudia ndani ya biti. Kama ubeti ni wa kurap, usilazimishe nota kwenye maneno ya msanii, nasa mdundo wake.

Hatua ya 3: Andika maneno, hesabu mizani

Wimbo wetu ulikuwa na mizani 16 kwa mshororo, vipande viwili vya 8. Mwimbaji alivuta pumzi katikati, akatua kwenye kina. Ukishajua hilo, unanasa mizani 8 kwa wakati, na hupotei. Tangu nianze kufanya hivi muda wangu wa kunasa umepungua zaidi ya nusu.

Hatua ya 4: Tafuta nyumbani

Nota ambayo wimbo ukitua unahisi umemalizika, hiyo ndiyo nyumbani. Imba, shikilia, itafute kwenye kinanda.

Hatua ya 5: Nota isiyopatikana

Hapa ndipo binti alipokwama. Alikuwa na do, re, fa na so. Mi ilimkataa. Kitufe cheupe kilikuwa juu mno, cheusi kilikuwa chini mno. "Mwalimu, labda kinanda kibovu." Kinanda kilikuwa kizima.

Kuna mambo mawili yanayoweza kukupata, na balaa ni kwamba kwenye rekodi za zamani huja pamoja.

La kwanza ni kasi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za wakati huo zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika, na mashine hazikulingana kikamilifu. Ongeza kaseti iliyonakiliwa kwenye redio yenye betri dhaifu. Kasi ikizidi kwa takriban asilimia 6, wimbo wote unapanda nusu toni. Ikizidi kwa asilimia 3, unaangukia katikati ya vitufe, na hakuna nota hata moja itakayokubali.

La pili ni makamu, yaani mpangilio wa nota ambamo mahadhi yanatembea. Taarab ilipata mengi kutoka Misri: Sultan Barghash wa Zanzibar alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza muziki, na zile makamu za Kiarabu zikaja. Makamu ya Rasti, ukiianzia C (do), ina E (mi) iliyoshushwa robo toni na B iliyoshushwa robo toni. Bayati, ukiianzia D, nota yake ya pili, E, nayo imeshushwa hivyohivyo. Kwenye kinanda nota hizo hazipo. Kwenye udi na fidla zipo, kwa sababu hakuna vizuizi, vile vijiti vya gita vinavyotenga nota, kwenye shingo ya ala. Hijazi haina shida hii: D, E flati, F sharpu, G, zote unazo. Ndiyo maana kundi lenye akodiani aghalabu huegemea Hijazi au Nahawandi, makamu nyingine isiyo na robo toni.

Kosa langu la ile wiki nzima lilikuwa kuchanganya haya mawili. Nilibadilisha kasi mpaka mi ikakaa vizuri kwenye kitufe, nikakuta do imehama. Nikairudisha do, mi ikahama. Fanya hivi badala yake:

Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti (ni ya bure, na mimi sijaona sababu ya kulipia nyingine). Badilisha kasi ya rekodi yote mpaka nota ya nyumbani ilingane kabisa na kitufe. Usiiguse tena. Sasa pima nota ya nne na ya tano. Zikikubali, huku ya pili, ya tatu au ya saba inakataa, hiyo ni makamu. Zikikataa zote, rudi kwenye nyumbani, hukuipata. Zikikubali mwanzoni mwa wimbo na kukataa mwishoni, kaseti inayumba. Gawa rekodi vipande, rekebisha kila kimoja.

Kisha ingia kwenye menyu ya kinanda utafute sehemu ya kurekebisha skeli, yenye vitufe 12. Nusu toni moja ina senti 100, kwa hiyo robo toni ni kushusha 50. Lakini 50 ni pa kuanzia tu. Mi ya Bayati huwa chini kidogo kuliko ya Rasti, na waimbaji hutofautiana. Sogeza senti tano tano ukisikiliza rekodi. Wimbo wetu ulikuwa wa Rasti, tukaishia kwenye 45.

Tahadhari mbili. Ukihamisha ufunguo kwa kitufe cha transipozi, kwenye vinanda vingine marekebisho yanahama na wimbo, vingine yanabaki kwenye kitufe kilekile. Jaribu mapema ukiwa kwako, si jukwaani. Na mkono wa kushoto usipige kodi yenye nota iliyoshushwa. Piga nyumbani na nota ya tano tu, au besi peke yake. Binti alizoea kujaza kodi za kwaya, na kila alipojaza, mahadhi yalichacha. Mwenye gita aanzie E flati na kuuvuta waya kidogo mpaka ifike.

Hatua ya 6: Mapambo

Yaweke mwisho, na machache.

Hatua ya 7: Mpigie anayeujua

Tulimpigia bibi. Alisikiliza ubeti wa kwanza, akasema, "Hapo mwanangu usikimbie, hapo pana pumzi," akauimba mwenyewe. Rekodi ilikuwa na mkwaruzo mahali hapo, pumzi haikusikika. Tulirekebisha papo hapo, tukahifadhi mpangilio wa skeli kwenye kumbukumbu ya kinanda kwa jina "Rasti C", kwa sababu kinanda hicho kikizimwa bila kuhifadhi kinarudi kama kilivyotoka dukani.