Kiongozi, kazi usiyoiweza mpe anayeiweza

Hatua ya 1: Andika kazi zako. Kwa wiki mbili, kila jioni orodhesha ulichofanya na matokeo yake. Usiongozwe na mapenzi, maana kupenda kazi si kuiweza. Uwezo wako uko kwenye kazi unazozimaliza mapema, zisizorudishwa kusahihishwa, na ambazo watu hukufuata wakuombe uzifanye.

Hatua ya 2: Chuja udhaifu wako. Udhaifu wa ujuzi, kama hesabu, ratiba au uandishi wa ripoti, unaweza kuzibwa na mtu mwingine. Udhaifu wa tabia hauzibwi hivyo. Kama unachelewa, husikilizi au unakwepa mazungumzo magumu, jirekebishe mwenyewe. Ukimtuma msaidizi akamwonye mfanyakazi kwa niaba yako, umeshapoteza heshima kwa wote wawili.

Hatua ya 3: Mtafute anayeiweza kazi, si yule aliye na nafasi. Mwaka 1998 Steve Jobs, kiongozi wa kampuni ya kompyuta ya Apple ambaye nguvu yake ilikuwa kwenye bidhaa, alimleta Tim Cook asimamie uzalishaji na ugavi. Hakumpa vipande vya kazi, alimpa eneo zima.

Hatua ya 4: Kabidhi kazi pamoja na mamlaka. Hapa ndipo viongozi wengi hukwama, kwa hiyo usiharakishe. Kaeni wawili muandike matokeo yanayotakiwa, tarehe ya mwisho, kiasi cha fedha anachoweza kutumia bila kukuuliza, maamuzi ambayo lazima yafike kwako, na siku za kukutana kutazama maendeleo. Kisha itangazie timu kwamba jambo hilo sasa liko mikononi mwake. Usipotangaza, watamruka waje kwako, na ukiwajibu hata mara moja umemnyang'anya ulichompa. Warudishe kwake kwa upole. Akifuata njia isiyo yako na matokeo yakapatikana, muache.

Hatua ya 5: Jua cha kuuliza. Dhamana inabaki kwako. Si lazima uandae hesabu, ila ni lazima uweze kusoma taarifa ya mapato na matumizi na kuhoji palipovuka bajeti. Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha, hata awe mwaminifu vipi. Utaratibu huo unamlinda yeye pia.

Hatua ya 6: Zikamate saa ulizookoa. Ziweke kwenye kalenda leo hii kwa ile kazi unayoiweza kuliko wote, kabla vikao havijazimeza.